Zeze Lililoiketisha Ulindwa

Katika nchi ya Ulindwa, Mfalme alikuwa na askari wengi kuliko ng'ombe, lakini kitu alichokiogopa kilikuwa kibuyu.

Kibuyu hicho kilikatwa mdomo, kikawambwa ngozi, kikachomekwa ufito mrefu, na juu yake zikavutwa nyuzi saba za utumbo wa mbuzi. Hilo ndilo lilikuwa zeze la Ulindwa. Mpigaji alilitundika begani asubuhi, akatoka mlima huu akaenda mlima ule, na kila alipofika watu walitua majembe wakaja kusikiliza habari. Aliimba ni chifu gani amechukua shamba la mjane, ni ghala gani la Mfalme limejaa wakati watoto wanachimba mizizi, ni akida gani amempiga nani na kwa kosa gani. Sheria ya kale ilisema mtu mwenye zeze begani haguswi njiani. Wafalme tisa waliiheshimu sheria hiyo, wengine kwa hiari, wengine kwa kuogopa milima yote saba ya nchi kuinuka siku moja.

Mfalme wa kumi hakuipenda. Alichokosa ni namna ya kuivunja bila kuonekana ameivunja.

Mjini, chini ya ngome, aliishi fundi wa mazeze aitwaye Nyanzobe, mjane asiye na mtoto. Ufundi aliurithi kwa baba yake, pamoja na tezo, patasi na kikohozi cha vumbi la mbao. Hakuwa mtu wa siasa. Mdogo wake, Masalu, aliyekuwa mpigaji, ndiye aliyejua majina ya machifu na madhambi yao. Nyanzobe alijua miti. Alikuwa na hamu moja iliyomsumbua tangu usichana: kutengeneza zeze ambalo mtu wa mwisho katika umati angelisikia sawasawa na yule wa kwanza. Nyuzi za utumbo zilikuwa na sauti tamu, lakini sokoni sauti hiyo ilimezwa na milio ya mbuzi na makelele ya wachuuzi.

Ndipo akaja Tajiri wa Waya.

Huyu alitoka ng'ambo ya mto, na hakuna aliyejua jina lake la nyumbani. Mfalme alimpa ruhusa ya kuingiza waya nchini yeye peke yake, naye alileta mwingi kuliko nyua za kuzungushia. Siku moja aliingia karakanani kwa Nyanzobe, akaweka juu ya meza bunda la waya mwembamba unaong'aa.

"Mama fundi, nimesikia unatafuta sauti," alisema. "Jaribu hii. Sitaki kitu."

Nyanzobe akaufunga kwenye kibuyu. Alipokuwa akikaza uzi wa nne kibuyu kilipasuka mikononi mwake kwa mlio wa mfupa unaovunjika, waya ukaruka, ukamchana shavu kutoka chini ya jicho mpaka kwenye taya. Alikaa sakafuni damu ikimchuruzika kifuani. Tajiri akampa leso. Lakini kabla kibuyu hakijapasuka, Nyanzobe alikuwa ameisikia ile sauti, na siku ileile, shavu likiwa limefungwa kitambaa, alianza kuchonga sanduku la mvule.

Kazi ilimchukua msimu mzima. Sanduku lilitaka kuta nene, shingo nene, na kipande cha chuma ndani ili waya usilikunje. Lilipokamilika lilikuwa na uzito wa beberu, lakini lilipopigwa mlangoni mwa karakana, watu waliokuwa wakipalilia upande wa pili wa bonde walisimama wakatazama juu, wakidhani kuna kitu kinapita angani.

Masalu alilijaribu. Alipomaliza, ncha za vidole vyake zilikuwa zinatoka damu.

"Sauti yake ni ya ajabu, dada," alisema. "Ila nitalibeba vipi?"

"Hutalibeba. Utaketi."

"Mimi nikaketi?"

"Utazoea, Masalu. Na vidole vitaota sugu."

Masalu akailamba damu, akacheka, akachukua kibuyu chake akaenda zake Mlima wa Tatu.

Habari za zeze jipya zilifika ngomeni kabla ya mwezi kuisha. Mfalme akalisikiliza akiwa amefumba macho, akampa Nyanzobe cheo cha Fundi Mkuu wa Enzi, akamfungulia msitu wake wa mivule akate anavyotaka. Mafundi ishirini wakawekwa chini yake. Nyanzobe alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo. Alilala na vumbi la mbao kwenye nywele, akaamka nalo.

Kisha ikaja amri. Waziri wa Utulivu aliisoma mwenyewe sokoni, polepole, kwa sauti ya mtu anayewatakia watu heri. Kibuyu, alisema, ni aibu kwa taifa linalokwenda mbele. Utumbo ni uchafu unaoleta maradhi, na wachinjaji wote wataufukia ardhini mbele ya askari. Tangu sasa zeze la Ulindwa ni la mbao na waya, lenye muhuri wa Mfalme, na litapigwa ndani ya Kumbi za Utulivu, ambako raia wamewekewa mabenchi.

Kesho yake askari waliingia sokoni na marungu. Wapigaji waliamriwa kutupa vibuyu vyao katika lundo moja. Wengi walitupa. Mzee Ngasa, aliyemfundisha Masalu kupiga, alikuja hadi kwenye lundo, akalitazama, kisha akalitundika zeze lake begani vizuri zaidi.

"Sheria inasema siguswi," alisema.

Askari mmoja alimvua lile zeze, akakivunja kibuyu kwenye jiwe, akabaki na ufito mkononi. Kwa ufito huo alimpiga mzee kichwani mpaka ukakatika, na ulipokatika wenzake wakaendelea kwa marungu. Nyanzobe aliyaona yote akiwa mlangoni mwa karakana yake. Aliona mguu wa mzee ukitikisika, ukakoma, ukatikisika tena. Wapigaji wengine kumi na saba waliokuwa wamepiga kelele walilazwa chini, vidole vyao vikavunjwa kimoja kimoja kwa kisigino cha buti.

Siku ya tatu Nyanzobe alikwenda kwenye Baraza. Mfalme alikuwa kwenye kiti chake. Kulia aliketi Waziri wa Utulivu. Kushoto aliketi Tajiri wa Waya, ambaye hakuwa na cheo chochote ila alikuwa na kiti. Jemadari wa jeshi alisimama kando ya nguzo, kama kawaida yake, mikono nyuma.

"Mtukufu Mfalme," alisema Nyanzobe, "mimi nilitengeneza zeze ili watu wasikie. Sikulitengeneza ili Mzee Ngasa auawe."

Mfalme alikuwa na sauti ya upole. Akamgeukia Waziri. "Kuna mtu ameuawa?"

"Hapana, Mtukufu. Kuna mzee alijikwaa akiwa na chombo kisicho na muhuri."

"Pole yake."

"Nilimwona kwa macho yangu," alisema Nyanzobe.

Waziri alitabasamu. Alishuka kwenye kiti chake, akamsogelea, akamshika bega kama mtu anavyomshika dada yake.

"Fundi, katika Baraza hili hakuna anayekushukuru kama mimi. Miaka sita nilitafuta namna ya kuwazuia watu hawa kutembea. Nilifikiria kufunga njia, nikaona wakulima watalia. Nilifikiria kuwakata miguu, Mtukufu akasema ana huruma. Kisha wewe, bila kuambiwa na mtu, ukatuletea zeze lisilobebeka. Umewaketisha wote kwa mkono wako. Na mtu akishaketi, mimi najua alipo."

Baraza likacheka kidogo, kwa adabu. Nyanzobe alisikia joto likimpanda shingoni. Ilikuwa kweli. Kila ukuta aliouongezea unene na kila kipande cha chuma alichokiingiza vilikuwa pingu, naye alivichonga akiimba.

Masalu hakuketi. Aliendelea kutembea na kibuyu, nyuzi akizipata kwa wachinjaji wawili wenye moyo, akaimba kifo cha Mzee Ngasa katika milima minne. Mlima wa Tano ndiko walikomkamata. Alimng'oa akida meno mawili kabla ya kuangushwa, nao wakamvunja mguu kwa mpini wa shoka. Aliletwa mjini akiwa amefungwa juu ya punda, uso umevimba hata watu waliomjua wakauliza ni nani. Hukumu ilikuwa kunyongwa kwa waya.

Mke wake, Holo, alikuja karakanani akaanguka miguuni pa Nyanzobe.

"Wifi, wewe wanakusikiliza. Mfanyie Mfalme chochote anachotaka. Nirudishie mume wangu."

"Inuka, Holo."

"Siinuki mpaka uniahidi."

Nyanzobe akaahidi. Akaenda ngomeni, na huko akakuta ahadi yake inasubiriwa. Mfalme alikuwa anakaribia mwaka wa ishirini wa utawala wake, na mfalme wa ng'ambo ya mto alikuwa na zeze kubwa lenye nyaya kumi na moja.

"Nijengee langu," alisema Mfalme. "Liwe na urefu wa hatua ishirini. Wageni walisikie hata kabla hawajavuka mto. Muda wote utakaokuwa unajenga, ndugu yako atakuwa anakula. Na likinipendeza, atarudi nyumbani."

Nyanzobe alichagua mvule mkubwa kuliko yote msituni. Ulipolazwa uwanjani mbele ya ngome ulionekana kama mnyama aliyekufa. Akauchonga, akautoboa, akaupigilia pete za chuma, na ulipokuwa tayari aliitwa Barazani kueleza kazi imefikia wapi.

"Shingo hii inabeba nyaya nane, Mtukufu," alisema. "Kwa kuomba Mungu, tisa. Ikizidi hapo itavunjika, na ikivunjika itaua."

"Jirani yetu ana kumi na moja," alisema Waziri. "Sisi tumekwisha kutangaza kumi na mbili."

"Na ziwe nene kama kidole," Tajiri aliongeza. "Raia wamechoka na nyaya nyembamba. Wakiziona nene kwa Mtukufu, kila ukumbi katika milima saba utazitaka."

"Mti una mwisho wake, bwana."

"Fundi anasema waya wangu ni mbaya?"

"Ni mzuri mno. Hautakatika. Ndiyo maana mti ndio utakaokatika."

Waziri akamgeukia karani. "Andika: Fundi Mkuu anasema miti ya msitu wa Mfalme ni dhaifu."

Kalamu ya karani ikasimama hewani. Kuna watu walikuwa wamenyongwa kwa kusema machache kuliko hayo.

"Sikusema hivyo," alisema Nyanzobe.

"Vizuri. Basi andika kwamba ni imara."

Karani akaandika kwamba ni imara.

Kuanzia siku hiyo Nyanzobe hakubishana tena na mtu. Alifunga waya wa tisa, na ulipokazwa alisikia ndani ya mti mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti chumba cha pili. Chini ya shingo, mahali asipoangalia mtu asiye fundi, ufa ulikuwa umefunguka, mwembamba kama unywele. Angeweza kulegeza. Angeweza pia kulia mbele ya Baraza, waandike tena kwamba ni imara, kisha wamlete fundi mwingine na kumnyonga Masalu. Alikaa juu ya magome ya mti mchana mzima akiwaza, na alipoinuka alikuwa ameamua. Asingeharibu kitu, wala asingelegeza kitu. Angefanya kila alichoamriwa, neno kwa neno.

Siku moja kabla ya sherehe ya mwaka wa ishirini, Jemadari alikuja kukagua uwanja. Alizunguka zeze mara mbili, akainama, akapitisha ukucha wake juu ya ufa.

"Huu upo tangu lini?"

"Tangu waya wa tisa."

"Umemwambia nani?"

"Niliwaambia wote kabla haujatokea. Imeandikwa kwamba ni imara."

Jemadari akajifuta ukucha kwenye koti lake, akaondoka. Asubuhi ya sherehe Nyanzobe aliona walinzi wa ngome, ambao siku zote husimama nyuma ya kiti cha Mfalme, wamepangwa mbali, kwenye ukingo wa uwanja.

Wapigaji wanne walitakiwa kuketi kando ya shingo ya zeze na kugonga nyaya kwa nyundo za mti. Walikuwa wakilala kambini chini ya ulinzi, hawaongei na mtu. Nyanzobe alifanikiwa kumnong'oneza mmoja tu, Kulwa, alipokuwa akimpimia urefu wa kiti: "Siku ya sherehe, uwe mgonjwa." Kwa wale wengine watatu hakupata nafasi, au alijiambia hakupata. Baadaye hakuwa na hakika.

Sherehe ilianza jua likiwa utosini. Milima saba ilikuwa imeshushwa uwanjani kwa amri, watu wamesimama bega kwa bega. Mbele ya zeze, karibu kabisa ili waonekane wakubwa, waliketi Mfalme, Waziri, Tajiri na wageni wa ng'ambo, na nyuma yao wasichana wa kupepea. Nyanzobe alikuwa kwenye kichwa cha zeze, nyuma ya vigingi, na mtaimbo wa kukazia mkononi.

Wapigaji wakaingia. Watatu aliwajua: Bundala, Sayi na Ndaki. Wa nne alikuwa akiburuta mguu wenye mnyororo.

Waziri aliinuka akamwashiria Nyanzobe kwa mkono, akitabasamu. "Kulwa anaumwa, Fundi," alisema kwa sauti ya kusikika na wageni. "Tukaona tukupe zawadi. Ndugu yako apige zeze la dada yake."

Mtaimbo ulimponyoka Nyanzobe ukaanguka kwenye ubao. Masalu alikuwa amekonda, nusu ya nywele zake zimekuwa nyeupe. Askari walimketisha kwenye kiti cha Kulwa, mahali palepale penye ufa.

Nyundo zikagongwa. Sauti iliyotoka ilikuwa nzito na mbovu, kama ng'ombe anayekataa kuzaa. Nyaya zilikuwa bado hazijakazwa vya kutosha. Mmoja wa wageni alifunika mdomo wake, na Mfalme akamwona.

"Kaza," alisema Mfalme.

Nyanzobe hakusogea.

"Fundi, kaza!"

Aliuokota mtaimbo, akakaza waya wa kumi. Mti ulilia ndani. Akakaza wa kumi na moja. Masalu alikuwa ameweka kiganja chake juu ya ubao, kama wapigaji wanavyofanya wanapolisikiliza zeze geni, na Nyanzobe akaona uso wake ukibadilika. Alikuwa amesikia. Hakuna aliyekuwa na masikio kama yake katika nchi nzima. Alitazama chini kwenye ufa, akamtazama Mfalme aliyekuwa hatua tano mbele yake, kisha akageuka kumtazama dada yake.

Nyanzobe alitikisa kichwa. Machozi yalimziba macho.

"Kaza tena!" alifoka Mfalme. "Mnanifedhehesha mbele ya wageni!"

"Kaza, dada," alisema Masalu taratibu. "Si wamekuamuru?"

Nyanzobe akauingiza mtaimbo kwenye kigingi cha kumi na mbili, akauvuta kwa uzito wake wote.

Shingo ilikatika kwa mshindo uliowafanya watu wa nyuma walale kifudifudi. Nyaya kumi na mbili ziliruka mbele pamoja. Mmoja ulimpata Mfalme shingoni, na kichwa chake kikabaki kimening'inia kifuani kwa ngozi. Mwingine ulimkata Tajiri kiunoni akiwa anainuka. Wageni wawili waliuawa, na wasichana wawili wa kupepea, mmoja akiwa bado ameshika pepeo. Gogo la mvule lilidunda mara moja, likawaangukia wapigaji wote wanne. Nyanzobe alitupwa nyuma, mkono umeteguka, na alipoinuka alitambaa mpaka kwenye gogo. Mguu wenye mnyororo ndio uliokuwa umebaki nje.

Kisha mtu mmoja alicheka, kicheko cha ajabu, na umati ukaenda mbele kama maji. Waziri wa Utulivu, damu ikimtoka masikioni, alikimbilia Ukumbi wa Utulivu akajifungia. Watu walirundika mabenchi mlangoni, wakarundika masanduku ya mazeze yenye muhuri, wakawasha moto. Walimsikia akibembeleza, kisha akiamuru, kisha akilia. Maakida walitolewa majumbani wakapigwa mawe. Ngome iliporwa hadi mapazia. Na wakati wote huo askari walisimama ukingoni mwa uwanja bila kusogea, mpaka kila aliyekuwa akimtumikia Mfalme alipokuwa amekufa. Ndipo Jemadari akatoa ishara, mikuki ikashuka, wakaingia kurejesha amani. Watu mia moja na zaidi waliuawa wakiwa na mapazia mikononi.

Baada ya siku tisa, Jemadari aliwaita watu uwanjani tena. Kabla ya kupanda jukwaani alimwita Nyanzobe kando.

"Nataka uanze kazi," alisema. "Zeze jepesi. Waya uwepo, maana watu wameshazoea sauti kubwa, lakini libebeke begani. Wapigaji watatembea tena."

Moyo wa Nyanzobe uliruka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Milima yote?"

"Yote. Watatangulia mbele ya jeshi. Wataimba nitakachowapa, watu watatoka nje kusikiliza, nasi tutajua ni nyumba gani zina vijana wa kuchukua." Akampiga bega. "Sasa twende. Watu wanataka kukuona."

Jukwaani alimsimamisha karibu naye, akainua mkono wake ule mzima. "Huyu ndiye mwanamke aliyemwua dhalimu!" Umati ulipiga kelele. Jina lake liliitwa mpaka likapoteza maana. Nyanzobe alisubiri kelele zitulie.

"Bundala niliyemuua mimi alikuwa na watoto watatu," alisema. "Sayi alikuwa anamtunza mama yake. Ndaki alikuwa ameposa. Wale wasichana wa kupepea sikuwahi kuuliza majina yao. Na Masalu ni ndugu yangu, tumbo moja. Nilijua mti utavunjika. Niliwaona wameketi pale, nikakaza."

Hakusema Masalu alimwambia nini. Maneno yale hakutaka yamtetee.

"Na huyu," alisema, akimwonyesha Jemadari kwa kidole, "aliuona ufa siku moja kabla. Aliushika. Akawasogeza askari wake, akatuacha sisi wengine pale tulipokuwa."

Uso wa Jemadari haukubadilika. Alipepesa jicho tu, na askari wawili wakamshika Nyanzobe mkono ulioteguka. Lakini kabla hawajamshusha, mwanamke mmoja alipanda jukwaani akiwa amejifunga kitambaa cha msiba kiunoni. Alikuwa Holo.

"Ulimwona ameketi pale, wifi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Nilimwona."

"Ukakaza."

"Nikakaza."

Holo akampiga kofi lililompigisha magoti. Akampiga la pili. Kisha akageuka, akausimamisha mwili wake kati ya Nyanzobe na askari, akaushika mkuki wa aliye karibu kwa mkono mtupu.

"Mwacheni," alisema.

"Mama," alisema Jemadari, "huyu ameitukana serikali."

"Serikali yenyewe ina siku tisa. Mimi nina mume kaburini. Huyu ana kesi na mimi, ana kesi na mama yake Sayi na wote wenye wafu wao. Sisi ndio tutakaomhukumu. Kwako hana la kujibu."

Mama yake Sayi alikuwa tayari ameanza kupanda ngazi, akishikiliwa na watu wawili kwa uzee. Nyuma yake akaja baba wa msichana mmoja wa kupepea. Nyuma yao wakaja wale ambao wafu wao waliuawa wakiwa na mapazia mikononi, na hao walikuwa wengi, nao hawakuwa wanamtazama Nyanzobe. Jukwaa lilianza kulalamika chini ya miguu yao. Jemadari aliwatazama askari wake, vijana wa milima hiyohiyo, akaona mmoja wao amemtambua mtu katika umati na ameshusha mkuki.

"Nendeni naye," alisema, kama mtu anayetoa zawadi, akashuka kwa ngazi ya nyuma.

Holo alimburuta Nyanzobe mpaka katikati ya uwanja, kucha zimezama kwenye mkono wake, wala hakumlegezea hata watu walipowapisha njia. Hakumsamehe siku hiyo, wala baadaye. Alimkalisha kwenye nyasi, watu wakaketi kumzunguka, na kesi ikaanza jua likiwa bado juu. Mama yake Sayi, kwa kuwa ndiye mkubwa, aliulizwa aitwe shahidi gani kwanza.

"Jemadari," alisema bibi.

Wakaliita jina lake mara tatu, wakiwa wameelekea ngomeni. Hakuja. Kesho yake wakamwita tena, na waliokuja kumwita walikuwa wameongezeka.